Mizimu, Misitu na Wageni Wajao Kujifunza



Katika miezi hii zimetufikia ofisini barua zenye swali moja kwa sura mbalimbali, nasi twaona yafaa tulijibu hapa badala ya kumjibu kila mtu peke yake. Mwanachama mmoja ambaye wanawe wamehamia Kipawa, kule Dar es Salaam karibu na uwanja wa ndege, ametuandikia kwamba wajukuu wake walichukuliwa na skuli yao kwenda kutembezwa msitu wa Pugu, wakarudi na khabari nyingi za miti, popo na mapango. Yeye anauliza kwa nini na vichaka vya mizimu vilivyomo katika mashamba yetu ya karafuu visitembezwe watu kwa malipo. Mwengine anauliza kinyume chake: je, kukihifadhi kichaka kwa sababu watu wasema kina mzimu si kuitia nguvu shirki? Na wa tatu ametuarifu kwamba amejiwa na mtu mwenye gari jipya na maneno matamu, ataka kukikodi kichaka chake kwa miaka mingi ajenge vibanda vya wageni. Maswali haya matatu ni ya ukoo mmoja, na tutayajibu pamoja.

Tuanze na Kipawa, kwa kuwa ndiko lilikotoka swali la kwanza. Mtu akishuka botini Dar es Salaam akaifuata barabara ya Nyerere, ambayo wazee wetu waliijua kwa jina la barabara ya Pugu, hupita Kipawa na uwanja wa ndege, akapita Ukonga na Gongo la Mboto, nyumba zimebanana kulia na kushoto, mpaka ardhi ikaanza kupanda na akaiona miti. Hivyo ndivyo vilima vya Pugu. Mwalimu Nyerere alisomesha katika skuli ya huko mpaka alipojiuzulu mwaka 1955 ili ashughulikie siasa, na njia hiyo aliijua vizuri.

Msitu wa Pugu, pamoja na jirani yake Kazimzumbwi ulio upande wa Kisarawe, ni katika misitu ya mwambao ambayo imetapakaa kutoka kusini ya Somalia mpaka Msumbiji, na ambayo leo imebaki vipande vipande kama kanga kuukuu. Vipande hivyo ni vidogo, lakini ndani yake mna miti na wanyama wasiopatikana pengine popote duniani. Iko mimea ambayo wataalamu waliipa jina la Pugu kwa kuwa ndipo walipoitambua. Yako mapango yaliyochimbwa zamani kutafuta udongo mweupe wa kaolini, na sasa wenyewe ni popo. Hayo ndiyo yaliyowapendeza wajukuu wa mwenzetu. Na katika vilima hivyo hivyo ndimo unamoanzia mto Msimbazi, ule unaofurika bonde la Jangwani mvua za masika zinapozidi. Pakiwa na msitu, maji ya mvua hunywewa na ardhi, yakatoka kidogo kidogo. Msitu ukiondoka, maji hushuka yote kwa pamoja na udongo wake, na anayelala chini mtoni ndiye anayeamka godoro likielea.

Basi msitu huu haukukosa sheria. Ulitengwa na Serikali tangu zama za ukoloni, una mipaka na ramani, na sasa ni Hifadhi ya Mazingira Asilia iliyo chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania. Lakini juu ya sheria zote hizo mashoka yaliingia, na sehemu kubwa ya miti mikubwa imekwenda zake. Sababu ni mkaa. Mji wa Dar es Salaam hupika kwa mkaa, na msitu ulio karibu ndio unaokatwa kwanza. Wataalamu waliochungua misitu ya kuuzunguka mji huo waliona kwamba baina ya mwaka 1991 na 2005 matanuri ya mkaa yalizidi kujitenga na mji kwa kadiri ya kilomita 2 kila mwaka, na wakata magogo ya mbao nzuri kwa kadiri ya kilomita 9 kila mwaka. Yaani walikuwa wakimaliza hapa wakisogea pale, mfano wa mchwa juu ya boriti. Wala sisi wa visiwani tusiwacheke, maana jiko la mkaa liko katika kila ukumbi wetu.

Hapa ndipo linapokuja jambo la mizimu, na twaomba msomaji asiruke mistari.

Zamani Wazaramo, ambao ndio wenyeji wa huko, walikuwa na mahali pao pa kutambikia penye mti mkubwa au pango, na mahali hapo hapakukatwa kuni. Katika mambo makubwa, khasa mvua zilipokataa, walituma watu mpaka milima ya Uluguru kwenye pango la Kolelo, na khabari za Kolelo zilijulikana mwambao mzima kabla ya vita vya Maji Maji vya mwaka 1905. Mtu asiyeyajua haya atadhani ni khofu tupu za watu wasiosoma. Lakini ukiyaangalia vizuri utaona kwamba ndani ya khofu mna mafunzo. Mwiko husema: mahali hapa si mali yako peke yako; walikuwapo wengine kabla yako, na watakuja wengine baada yako; ukiingia, ingia kwa adabu, na ukitoka, toka mikono mitupu. Mwenye kulijua hilo hahitaji mlinzi mwenye bunduki. Mlinzi amemkaa moyoni.

Udhaifu wa mwiko ni mmoja tu, nao ni mkubwa. Mwiko humshika aliyefundishwa, na asiyefundishwa haumshiki hata kidogo. Watu wanaokaa leo Kipawa, Ukonga na Gongo la Mboto wametoka pembe zote za Tanzania, na sisi tumo. Mchoma mkaa aliyetoka mbali hajui jina la mzee aliyezikwa chini ya mti ule, na mzee mwenyeji hana njia ya kumwambia. Mwiko wa zamani umepungukiwa na watu wa kuujua, na sheria ya Serikali imepungukiwa na watu wa kuipenda. Kati ya vitu hivi viwili ndipo Pugu ulipopatia madhara yake.

Kwa hiyo skuli inapowachukua watoto wa Kipawa na kuwapeleka msituni, wakaonyeshwa Msimbazi unapochimbuka na wakaambiwa kwa nini nyumba za Jangwani huingia maji, twaona sisi kwamba kazi ile ile ya mwiko inafanywa kwa njia nyengine. Hiyo ndiyo maana ya ziara ya kujifunza. Si matembezi ya kula biskuti chini ya mti, ingawa biskuti nazo hazikosekani.

Sasa na tutoke Dar es Salaam, tupande na mwambao mpaka Kenya, kusini ya Mombasa, kwa sababu huko ndiko jambo hili lilikopangwa vizuri kuliko pahala pengi. Katika pwani ile Wamijikenda wana misitu iitwayo kaya. Wazee wao walikaa ndani ya misitu hiyo katika miji yenye maboma, tangu karne ya 16 kama wasemavyo wenye tarehe, na kufikia miaka ya 1940 walikuwa wamehama wote na kukaa nje mashambani. Walipohama hawakuuacha msitu uwe pori la kila mtu. Makaburi ya wazee yamo ndani, na fingo, yaani kinga ya mji iliyofukiwa ardhini, imo ndani. Kwa hiyo mwiko ulibaki: hapana kukata, hapana kulima, hapana kulisha mbuzi. Serikali ya Kenya ilianza kuzitangaza kaya kuwa turathi za taifa mwaka 1992, na mwaka 2008 UNESCO ikaziingiza kaya kadhaa katika orodha ya turathi za dunia. Wataalamu wa mimea walipoingia humo walistaajabu kuona miti ambayo nje ya kaya ilikwisha kutoweka. Vimsitu vidogo, vyengine haviipiti ukubwa wa shamba la mtu mwenye nafasi, vikawa ghala ya mbegu za pwani nzima.

Mojawapo ni Kaya Kinondo, ya Wadigo, karibu na hoteli kubwa kubwa za Diani. Wazee wa Kinondo waliona kwamba wageni wa hoteli wako mlangoni, wapende wasipende. Wangeweza kuwafukuza, na wangeweza kuwauzia. Hawakufanya hili wala lile. Tangu mwanzo wa miaka ya 2000 mgeni hukaribishwa kwa malipo, lakini huingia kwa sharti za wenyeji. Kwanza hufungwa kaniki nyeusi kiunoni, awe ni bwana mkubwa au mtoto. Huambiwa asiokote kitu, hata jani lililoanguka. Asipige picha pasipo ruhusa. Na mume na mke wasibusiane humo ndani. Mwongozaji, naye ni kijana wa papo hapo, humwonyesha mti huu wadawia nini na ule hutumika kwa nini, na kwa nini pale mbele hawaendi. Mgeni hutoka amelipa fedha, na amekwisha kutii mwiko kwa muda wa saa nzima bila ya kujijua. Kijana mwongozaji naye, ambaye pengine angekuwa ufukweni akiuza shanga, amelazimika kuyajua majina ya miti ambayo babu yake aliyajua. Hilo la kijana sisi twaliona ni kubwa kuliko fedha.

Na hapa twamjibu yule aliyeuliza khabari za shirki. Wadigo wengi ni Waislamu, waswali msikitini na wafunga Ramadhani kama sisi. Yako mabishano baina yao, kwani wako masheikh wasiopendezewa na mambo ya kaya, na mabishano hayo hayakwisha wala hatudhani yatakwisha. Sisi si wanazuoni na fatwa si kazi ya karani wa chama. Lakini yako mambo tuliyoyasoma chuoni ambayo kila mmoja wetu ayajua. Mtume, sallallahu alayhi wa sallam, aliufanya mji wa Madina kuwa haramu na akakataza kukatwa miti yake. Aliweka hima, yaani malisho yaliyozuiliwa kwa maslaha ya wote, na baada yake Sayyidna Omar aliweka hima ya Rabadha. Imepokewa kwamba Omar alipomweka mtumishi wake Hunayy kuisimamia, alimwagiza awaruhusu kuingia wenye ngamia wachache na kondoo wachache, na ajihadhari na makundi ya matajiri, kwa kuwa tajiri mifugo yake ikifa anayo mitende na mashamba ya kurudia, na maskini hana pa kwenda. Basi kuzuia miti isikatwe si uzushi wa makafiri. Kuuomba mti ni jambo moja, na kuuhifadhi mti ni jambo jengine kabisa. Mwenye kutaka kuhifadhi kichaka chake aweza kusema kwamba ni amana aliyopewa na Mola wake, na kichaka kitasimama vile vile.

Na mfano wa karibu tunao hapa hapa. Kisiwa cha Misali, magharibi ya Chake Chake, kila mvuvi anayo khabari ya Nabii Khidhr aliyetaka mswala wa kusalia, ukakosekana, akasema kisiwa chenyewe kitakuwa mswala wake. Kisiwa kilipofanywa eneo la hifadhi mwaka 1998, mafunzo ya dini yaliingizwa katika kuwaeleza wavuvi kwa nini baruti na nyavu za kukokota ni israfu na uharibifu. Wako waliopuuza amri ya ofisi lakini hawakuweza kulipuuza neno lililotoka mimbarini.

Tumesema mazuri, na uadilifu wataka tuseme na mabaya. Mgeni si lazima awe kheri. Wagiriama, nao ni katika Wamijikenda, huwasimamishia wazee wao waliokufa nguzo za mbao zilizochongwa, ziitwazo vigango. Nguzo hizo ziliibwa kwa mamia, zikauzwa kwa watalii na wenye maduka ya vitu vya kale, zikaishia katika majumba ya makumbusho na majumba ya matajiri huko Marekani. Makumbusho ya Denver yaliamua kuvirudisha vigango 30 mwaka 2014. Nguzo zaweza kurudi, lakini nyumba iliyopatwa na misiba baada ya kigango chake kuibwa itamdai nani? Tena iko Chale, kisiwa kidogo kusini ya Diani, ambacho nacho ni kaya. Sehemu yake imejengwa hoteli. Wazee wa Kinondo na wa Chale ni jirani, bahari yao moja, na matokeo yao ni mbali mbali. Tofauti, kwa kadiri tuonavyo sisi, ni nani aliyeshika ufunguo. Kinondo ufunguo wanao wazee, na mgeni hupiga hodi.

Hayo mwanachama aliyejiwa na mwenye gari jipya ayapime kabla ya kutia saini karatasi yoyote.

Sasa turudi nyumbani. Babu zetu walipoanza kupanda karafuu katika karne ya 19, sehemu kubwa ya msitu wa Pemba ilifyekwa, na baada ya kimbunga cha mwaka 1872 kuiangusha mikarafuu ya Unguja, ufyekaji wa Pemba ulizidi maradufu. Uliobaki ni Ngezi, kaskazini-magharibi ya kisiwa, wenye mpapindi, mtende usiopatikana kwengine, pamoja na mikoko ya pwani na vile vichaka vya mizimuni na makaburini ambavyo hakuna aliyethubutu kuvitia shoka. Na matunda ya kutothubutu huko yameonekana katika jambo la popo. Popo mkubwa wa Pemba, ambaye pengine popote duniani hayupo, aliliwa na kuwindwa mpaka mwishoni mwa miaka ya 1980 ilikhofiwa kuwa ametoweka. Watafiti walipomtafuta walimkuta amejificha katika Ngezi, katika mikoko, katika makaburi ya zamani yenye miti mikubwa, na, wanachama wasikilize, katika mikarafuu iliyoachwa ikaingia mwitu. Watu wa vijiji walihimizwa kumlinda, na watafiti waliohesabu katika miaka ya 2000 walipata popo zaidi ya 20,000. Pale Kidike leo watu huenda kuwatazama, na kijiji hupokea kiingilio. Popo huyu hula matunda na kutapakaza mbegu za miti usiku kucha, hatozi ujira. Mnapomlaani kwa embe zenu kumbukeni na hilo.

Unguja nako Jozani, ambayo ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 2004, sehemu ya kiingilio cha wageni wanaokuja kuwatazama kima punju hurudi kwa vijiji na kwa wakulima ambao kima wanakula mazao yao. Na Chumbe, kisiwa chenye msitu juu na matumbawe chini kilichohifadhiwa tangu mwaka 1994, fedha za wageni wanaolala hapo husaidia kuwapeleka watoto wa skuli kutembea na kusoma. Kwa hiyo jambo hili si ndoto. Lakini lisifanywe kuwa ndoto ya utajiri pia. Kichaka cha nusu eka hakitamlipa mtu kama mavuno mazuri ya karafuu yanavyomlipa, na mwenye kukifungua kwa tamaa ya fedha peke yake atakata tamaa kabla ya vuli.

Kamati imelizungumza shauri hili, na rai yake ambayo italetwa katika mikutano ya matawi ni hii. Mwenye kichaka asikikodishe wala asikiuze kwa ajili ya wageni. Kama watu watakaribishwa, iwe ni kwa siku na kwa idadi ndogo, na ardhi ibaki mkononi mwake. Wazee wa mahali hapo waulizwe kwanza, pamoja na imamu wa msikiti ulio karibu, ili mambo ya adabu na ya dini yakubaliwe kabla gari la kwanza halijafika. Watoto wa skuli zetu wasitozwe kitu, nao watangulizwe mbele ya wageni wa nje. Tunataka wajue majina ya miti kabla ya Mzungu. Mwongozaji awe ni wa kijiji, na kila shilingi iandikwe daftarini na lisomwe mbele ya watu. Wakati wa mchumo hapana ziara, kwani njia zina majamvi ya karafuu na mikono yote ina kazi. Maskini anayeokota kuni kavu nje ya mahali penyewe asizuiwe; hapo kamati imemfuata Sayyidna Omar.

Liko jambo moja ambalo kamati haikulimaliza. Baadhi ya vichaka vimo kati ya mashamba ya watu wawili au watatu, na vyengine ni vya Serikali ingawa watu wamezoea kuviita vyao. Kabla ya mkutano twamwomba kila mwanachama mwenye kichaka, mzimu au makaburi ya kale katika shamba lake amwandikie karani wa tawi lake: mahali kilipo, ukubwa wake kwa kukisia, kimepakana na nani, na mzee gani ayajua mambo yake. Majina ya miti mtakayoweza kuyataja yatupendeza zaidi. Tawi ambalo wazee wake ni wagonjwa au wamekwisha dhoofika lianze kuandika sasa, lisingojee mkutano.